Kozi wa Morisi: mayai yaliyochukuliwa ili ndege waongezeke

Mwaka 1974 kozi wa Morisi waliojulikana kuwa hai porini walikuwa wanne tu. Kisiwa chenyewe kina eneo la kilomita za mraba 1,865 hivi, kikiizidi Unguja kidogo. Msimu wa uzazi wa 1993–94 ulipomalizika, kozi waliokadiriwa kuwapo walikuwa kati ya 222 na 286. Wengi wanaosimulia habari hii husema kwamba ndege walizalishwa vizimbani, kisha wakafunguliwa milango. Hiyo ni theluthi moja ya ukweli, na nasema theluthi kwa hesabu kamili: kati ya kozi 331 walioachiliwa katika miaka kumi iliyoishia msimu huo, theluthi moja tu ndio waliozaliwa na ndege wa kufugwa. Waliobaki walitokana na mayai yaliyochukuliwa kwenye viota vya porini.

Kabla ya mayai kulikuwa na sumu. Tangu 1948 DDT ilipulizwa Morisi kupambana na malaria, na mashambani nako ilitumika. Sumu hiyo hutoka kwa mdudu ikaenda kwa mjusi, kisha kwa kozi, ikizidi kukolea kila hatua. Jike aliyeila hutaga mayai yenye ganda jembamba linalopasuka akiyaatamia. Msitu ulikuwa umekwisha katwa kwa karne mbili na zaidi, na wanyama walioletwa na watu, yaani panya, paka, nguchiro na kima kutoka Asia, walikuwa wakivamia viota. DDT ilikoma kutumika mwaka 1973. Kwangu mimi hiyo ndiyo tarehe nzito kuliko zote katika habari hii, ingawa hakuna ndege hata mmoja aliyeachiliwa mwaka huo.

Carl Jones, kijana kutoka Wales, alifika Morisi mwaka 1979. Waliomtuma walitaka aufunge mradi, kwa kuwa jaribio la awali la kuzalisha kozi kizimbani halikufua dafu. Mwaka huohuo Norman Myers, mwanamazingira Mwingereza aliyeishi Kenya miaka mingi, aliandika kwamba huenda ingekuwa busara kumwacha kozi huyu afe na kuzitumia fedha kwa ndege wenye matumaini zaidi. Haikuwa hoja ya kipuuzi. Jones hakuifuata, na taasisi ya uhifadhi wa wanyama ya Gerald Durrell, ya kisiwa cha Jersey, ikamshika mkono.

Kozi wa Morisi hutaga mayai matatu hivi ndani ya tundu la genge au la mti. Mayai yakiondolewa mapema, jike hutaga mengine, jambo ambalo mfugaji yeyote wa kuku analijua. Basi Jones na wenzake walipanda magenge ya Black River, wakachukua mzao wa kwanza na kuupeleka kwenye mashine ya kutotolesha, wakamwachia jike mzao wa pili. Lakini kutaga mara mbili humchosha ndege, kwa hiyo walimlisha wakati bado yuko huru. Panya weupe walirushwa hewani, naye akashuka na kuwadaka. Hapo ndipo ninapoona werevu wa kazi hii: ndege wa porini alihudumiwa kama wa kufugwa bila kuondolewa porini.

Kwenye mashine hakukuwa na miujiza. Yai la jamii ya kozi linapaswa kupoteza takriban asilimia 15 ya uzito wake kabla ya kinda kuanza kuligonga, kwa kuwa maji huvukia kupitia vitundu vya ganda. Likipoteza kidogo mno, kinda hulemewa na unyevu. Likipoteza kingi mno, hukauka. Dawa yake ni mizani: unalipima yai, unaandika, unaongeza au kupunguza unyevu, kesho unarudia.

Katika kuwaachilia, 74 walipandikizwa kwenye viota vya kozi wa porini ili walelewe humo. Wengine 257 walipitia njia iliyoazimwa kwa watu wanaowinda kwa kozi: makinda yanayokaribia kuruka huwekwa kwenye sanduku mahali pa juu, huzoea mandhari, kisha sanduku hufunguliwa na chakula huendelea kuletwa palepale hadi watakapojua kuwinda. Nguchiro walitegwa kuzunguka eneo. Kati ya hao 257, waliofika umri wa kujitegemea walikuwa 203, sawa na asilimia 79. Milima ya Bambou, upande wa mashariki, ambako kozi walikuwa wametoweka, ikapata ndege tena, wengi wao wakizaa katika masanduku yaliyotundikwa na watu.

Hata hivyo hesabu haikufungwa. Kizazi chote kilipitia kwenye tundu dogo la wazazi wachache mno, na urithi uliopotea hapo haurudi. Kundi lililoanzishwa katika milima ya Moka limetoweka. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, mwaka 1994 kozi huyu alishushwa hadi daraja la walio hatarini kiasi, lakini mwaka 2014 alirudishwa daraja la walio hatarini kutoweka, kwa kuwa idadi ilikuwa ikipungua. Msitu wa asili ulio katika hali nzuri ni chini ya asilimia 2 ya kisiwa. Masanduku na panya weupe huziba pengo la msitu kwa muda tu, na naona uangalizi ulilegezwa mapema mno.

Somo la DDT linatuhusu hata sisi: kwetu Afrika Mashariki tumbusi wanakufa kwa makundi kwa kula mizoga iliyotiwa sumu ya kuulia simba na fisi. Anayetaka kuwazalisha vizimbani na kuwarudisha mbugani aanze na sumu hiyo. Ikiwa bado iko kwenye mizoga, ndege atakaowafungulia atakuwa amewapeleka kufa.