Bwawa Lisilonuka Dawa

Aliyewahi kuogelea kwenye maji ya klorini anaijua harufu inayomfuata hadi kitandani, na macho yanayowasha jioni nzima. Ndiyo maana nawapongeza kwa moyo wote waliojenga bwawa la umma la Riehen, kitongoji cha Basel nchini Uswisi, lililofunguliwa mwaka 2014.

Wasanifu Herzog & de Meuron walishinda shindano la kulisanifu tangu 1979, wakati huo likikusudiwa kuwa bwawa la kawaida. Mradi ukakwama miaka mingi. Mwaka 2007 wazo likabadilika: dawa iwekwe kando, mimea ipewe kazi.

Na kazi hiyo ni ya kutazamwa kwa karibu. Maji yaliyoogewa hupelekwa kwenye vidimbwi vya kuchujia vilivyo mteremkoni, yakapenya taratibu kwenye matabaka ya changarawe, mchanga na udongo uliooteshwa mimea. Humo vijidudu visivyoonekana hula uchafu, mizizi ikifyonza kinachobaki. Kisha maji hurudi kwa waogeleaji, hadi watu 2,000 kwa siku. Bustani ndiyo mtambo wenyewe!

Ukuta wa mbao wa bwawa hili umefuata mtindo wa mabafu ya zamani ya mto Rhine, ambayo watu wa Basel wanayapenda mno. Mbao hizo hazina madaha. Mtu hujilaza juu ya jukwaa la mbao, mgongo ukikauka kwa jua, na mbele yake mtoto wa jirani anapiga mbizi kwenye maji yanayofanana na ya ziwa.