Ukurasa wa Kufungia Nyama

Pulse ilitufikia Ishiara ikiwa imezeeka. Ilikuwa ikitoka Ijumaa ndani ya The Standard. Sisi tulikutana nayo wiki kadhaa baadaye, imefungia nyama ya bucha au imebandikwa ukutani nyumbani kwa cucu. Kuna barua ya msichana aliyeachwa na mpenzi ambayo mpaka leo sijui alijibiwa nini. Jibu lilikuwa nyuma ya kabati.

Siku hizi utasikia kwamba kurasa zile zilituharibu: zilituuzia ngozi nyeupe, kiuno chembamba na mwanamume mwenye gari. Sikatai. Lakini kwangu kosa la Pulse, na la Saturday Magazine ya Nation, lilikuwa jingine. Hazikujua kama tupo. Mwanamke wao aliishi Nairobi, alifanya kazi ofisini, alivaa viatu virefu kwa sababu kwake kuna lami. Mama anayeuza ndengu sokoni na kusomesha watoto wanne sikumwona hata siku moja. Basi nikaamini maisha huanza ukishapanda matatu.

Nikapanda. Nilienda chuo nikifuata ile picha ya ofisi, wala si masomo, na nilipojikubalia hivyo, niliacha.

Hata hivyo, tusisahau tulivyosoma. Ukurasa mmoja, wasichana watano, na mmoja anasoma kwa sauti huku wengine wakibisha. Shuga ya MTV ilianza 2009, lakini mimi niliiona baadaye, nikiwa kidato cha pili, kwenye simu ya binamu yangu. Ayira, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, hakuwa malaika. Tuligombana kuhusu yeye jioni nzima: mjinga au mjanja? Siku hiyo ndiyo nilisikia wasichana wa rika langu wakitaja kondomu bila kucheka. Si Shuga peke yake iliyotufunza. Ni ule ugomvi.

Sasa mdogo wangu ana TikTok, na TikTok inamjua kuliko Pulse ilivyowahi kutujua sisi. Inajua hata anaishi wapi. Ila anaitazama chini ya blanketi, na hakuna wa kumwambia, "Wee, huyo anakudanganya."

Juzi nilikaa kitandani kwake nikamuuliza anatazama nini. Alinyamaza kidogo, kisha akachomoa waya mmoja sikioni, akanipa.