Sifa kwa Anayesafisha Folda

Madaftari ya MTUHA, yaani ya taarifa za huduma za afya, yanayojazwa kwenye zahanati za Manda, mwambao wa Ziwa Nyasa, hayaishii kabatini. Takwimu zake huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na kufanyiwa kazi kwa miaka mingi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Umeandikwa kwa lugha ya Java, na Java haitulii: toleo la 8 lilitoka 2014, la 11 likaja 2018, la 17 mwaka 2021. Programu inapohamia toleo jipya wengi husifiwa. Mimi namsifu anayekumbuka kusafisha folda ya matokeo.

Katika miradi ya Maven, zana ya kujengea programu za Java, folda hiyo huitwa target. Humo kompaila huweka mafaili ya klasi, na kila moja hubeba mwanzoni namba ya toleo lake: 52 kwa Java 8, 55 kwa 11, 61 kwa 17. Peleka faili la 61 kwenye seva ya Java 8, litakataliwa papo hapo. Kosa la namna hiyo halina hila.

La kimya ndilo linalotisha. Java mpya husoma klasi za zamani bila kunung'unika, na Maven, kwa kuokoa muda, huweza kuruka faili ambalo chanzo chake hakijaguswa. Basi klasi ya enzi za 8, inayotegemea maktaba ya JAXB iliyoondolewa kwenye Java 11, hubaki humo, husafirishwa hadi kwenye seva, kisha huanguka siku mtu anapoihitaji. Pengine mwisho wa mwezi, ripoti zikisubiriwa. Mkulima hukung'uta kihenge kabla ya kuingiza mahindi mapya, kwa kuwa anamjua dumuzi.

Fundi hodari hutenga kilichoandikwa na mtu na kilichozalishwa na mashine. Cha kwanza hukitunza kwenye Git. Cha pili hukifuta bila huruma kwa amri ya mvn clean. Akilazimika kujenga kwa matoleo mawili, kila toleo hulipatia folda yake. Ujasiri huo hauji bure: hutokana na hakika kwamba chanzo peke yake kinatosha kuzalisha kila kitu upya. Palipo na faili lililorekebishwa kwa mkono ndani ya target, hakika hiyo haipo.

Wewe unayeshika mradi wa namna hii, ifute target na ujenge upya kwa toleo ulilonalo, kabla hujaigusa Java mpya, ili uthibitishe kwamba chanzo kinatosha; ukishahamia, ifute tena.