Gojinjo Daiko: Vinyago Visivyo na Pepo

Katika michezo ya ngoma ya Japani, Gojinjo Daiko ya kijiji cha Nafune, mjini Wajima, yastahili kuangaliwa kwa makini. Ngoma yenyewe ni moja tu. Wapigaji, waliovaa vinyago vya mizuka, huizunguka na kuipiga kwa zamu.

Masimulizi ya wenyeji husema kuwa mwaka 1576 jeshi la Uesugi Kenshin lilipoishambulia rasi ya Noto, wanakijiji hawakuwa na silaha za kutosha. Wakatengeneza vinyago kwa magome ya miti, wakajitia mwani vichwani kuwa nywele, wakamwendea adui huku wakipiga ngoma, naye akakimbia. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo au sivyo, huu ndio msingi wa mchezo, na kwa msingi huo yafaa upimwe.

Hapa mfasiri wa Kiswahili hana budi kujihadhari. Akiiita "ngoma ya pepo," msomaji wa pwani atadhani kuwa ngoma yamwita pepo apande kichwani mwa mwele. Sivyo. Katika Gojinjo hapana apandwaye na chochote; mpigaji ana akili zake timamu, naye amejigeuza kwa hila ili binadamu mwenziwe aogope. Neno "mashetani" nalo halifai. Miongoni mwa vinyago hivyo mna yasha, kiumbe wa kutisha aliyefika Japani pamoja na dini ya Buddha iliyotoka Bara Hindi. Tena mna yurei, yaani mzuka wa mtu aliyekufa. Kwa jumla, "mizuka" ndilo neno lenye madhara machache.

Mwendo wa mchezo una daraja tatu, ambazo Wajapani huziita jo, ha na kyu: huanza taratibu, hukazana, kisha huishia kwa kasi. Mmoja hushika mapigo yasiyobadilika, na wengine huingia kila mtu kwa mkao wake. Huyu hujikunyata, yule husimama ghafula, fimbo zikiwa juu. Kwa maoni yetu, hofu haimo katika sura ya kinyago, kwani jicho huizoea upesi. Imo katika kule kusita: sikio langojea pigo, na pigo halijaja. Basi mchezo ukifupishwa kwa ajili ya watalii, na daraja ya kwanza ikakatwa ili kasi ifikiwe mapema, husalia vinyago na kishindo tu.

Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.6 liliipiga Noto, na watu wengi wa Nafune wakalazimika kuyahama makazi yao. Jambo hili lagusa sanaa yenyewe, kwa kuwa wapigaji ni watu wa kijiji hicho. Vinyago vyaweza kuchongwa tena, na ngoma yaweza kuwambwa upya. Lakini kipimo cha kusita hakiandikiki. Kijana hukipata kwa mzee, katika kukaa pamoja. Wakitawanyika watu hao, kitakachopotea kwanza ni kimya kilicho kati ya pigo na pigo.