Tazama Mkono wa Kushoto

Juzi nilialikwa kutazama video mpya ya mafunzo katika kiwanda kimoja cha kuunganisha pikipiki. Dakika 12. Droni inapaa juu ya mabati, muziki unanguruma, meneja anatukaribisha kutoka mezani kwake, kisha kijana mtanashati anafunga breki ya mbele huku akitabasamu. Chumba kizima kikapiga makofi. Mimi nikanywa chai yangu kimya.

Yasiyo na mjadala kwanza. Video ya stesheni moja ya kazi isizidi dakika 3. Muziki ni marufuku, kwa sababu unafunika ule mlio wa "tik" wa spana ya kipimo, na mlio huo ndio somo lenyewe. Msemaji awe mtu wa laini ya kuunganisha, tena mwenye grisi kwenye kucha. Usiniulize kwa nini. Bosi asionekane kabisa.

Hayo hata mgeni huyaona. Asichokiona ni mkono wa kushoto. Macho yake hukimbilia kulia, kwenye spana ya upepo, kelele na ushujaa. Kazi iko kushoto. Vidole vya kushoto ndivyo vinavyoianza boliti: vinaizungusha kinyume kwanza, polepole, mpaka isikike ikijikalia kwenye nyuzi, ndipo vinaipeleka mbele mizunguko miwili au mitatu bila chombo chochote. Spana ije baadaye. Ukiliruka hilo, boliti inaingia upande, spana inailazimisha, nyuzi zinaliwa, na kwa nje pikipiki inang'aa kama kawaida mpaka siku ya mteremko.

Kwa hiyo kamera isimame nyuma ya bega la fundi, ione anachokiona yeye. Ikiwekwa mbele, kushoto kwake kunakuwa kulia kwa mtazamaji, na mkono wenyewe unapotelea nyuma ya foki. Si jambo jipya. Mafunzo ya TWI, yaliyosambazwa katika viwanda vya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, yalitumia fundo moja la waya wa umeme kama mfano: mwalimu akilieleza kwa maneno tu, mwanafunzi anashindwa, akilionyesha bila maelezo, anashindwa vilevile. Na kabla ya kuonyesha chochote, mwalimu alitakiwa kumweka mwanafunzi mahali panapofaa. Mahali! Sisi tumenunua droni.

Matapeli nao wapo. Nilimjua mpiga picha aliyeagiza boliti zote zianzwe kabla ya kamera kuwashwa, ili fundi aonekane mwepesi. Vijana waliofunzwa kwa video ile walikuja laini wakichomeka boliti na kupiga spana papo hapo. Mwingine aliharakisha picha kidogo tu, kiasi cha kumfurahisha mkaguzi. Frank Gilbreth, aliyekuwa akiwarekodi wafanyakazi kwa sinema kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliweka saa ndani ya picha yenyewe, kila sekunde ijulikane imekwenda wapi. Video isiyothubutu kuweka saa ukutani mimi siiamini.

Mzee aliyenifunza hakuwa na video. Alivua pete akaitia mfukoni, akanivuta begani kwake, akafunga boliti moja bila neno. Ya pili akaifunga akinung'unika kila hatua. Ya tatu akanipa mimi, akafumba macho asikilize. Nilipokosea alijua kabla yangu. Siku hizi tunaulizwa video imetazamwa mara ngapi.

Ile ya makofi nimeomba nakala, nimeirudia mara mbili. Katika dakika 12, mkono wa kushoto unaonekana sekunde 9. Nao umevaa saa, inayogusa tangi jipya.