Ufundi wa Kumtambua Opilioni

Kwenye pembe za nyumba na vyoo vya Mwingi, Kenya, huning'inia buibui mwenye miguu mirefu myembamba. Ukimgusa, hujitikisa upesi hadi macho yanashindwa kumfuata. Yuko kiumbe mwingine mwenye miguu ya namna hiyo, apendaye unyevu wa chini ya mawe na magogo, ambaye si buibui hata kidogo. Huyo ni opilioni. Kuwatenganisha wawili hawa ndiyo hatua ya kwanza ya ufundi ninaouheshimu sana: ufundi wa mtambuzi wa viumbe vidogo.

Mtambuzi hakimbilii jina. Msusi wa kiondo huanzia kitako; mtambuzi naye huanzia umbo la mwili. Buibui ana kiuno. Mwili wa opilioni ni kipande kimoja. Kisha macho: buibui wengi wana manane, opilioni huwa na mawili, mara nyingi juu ya kinundu mgongoni. Opilioni hafumi utando, maana hana tezi za hariri, wala hana sumu ya kuua mawindo. Miguu ya jozi ya pili, mirefu kuliko yote, huitumia kupapasa njia. Akishikwa mguu, aghalabu huuacha ukichezacheza, na hauoti tena. Ndiyo maana mkusanyaji stadi humtia kwenye chupa ya alkoholi taratibu.

Darubini huleta maswali mengine. Vipapasio vya mdomoni vikiwa na nguvu na miiba, anaelekea kundi la Laniatores, lenye ukoo wa Assamiidae ulioenea Afrika ya tropiki. Vikiwa vyembamba, na kila mguu ukiishia kwa ukucha mmoja, huenda ni wa ukoo wa Phalangiidae. Humo mna jenasi ya Rhampsinitus, ambayo madume wa spishi zake nyingi wana koleo kubwa ajabu mdomoni.

Kufikia spishi ni kazi ngumu zaidi. Duniani zimeelezwa zaidi ya spishi 6,500. Mjerumani Carl Friedrich Roewer alichapisha mwaka 1923 kitabu kikubwa cha opilioni wa dunia nzima, lakini aliegemea mno alama za nje, kama hesabu ya vipingili vya nyayo. Waliomfuata wamelazimika kuvirudia vielelezo vyake na kuchunguza uume wa madume, kiungo ambacho buibui hawana, kwa kuwa umbo lake ndilo hutenganisha spishi zinazofanana.

Kwa hiyo jike au mtoto mara nyingi hubaki bila jina la spishi. Mtambuzi mwaminifu huandika "Phalangiidae, jike", akaishia hapo. Kuishia hapo ni sehemu ya ustadi wake. Asichokiacha kamwe ni mahali, tarehe na mwinuko, kwa penseli, kwenye karatasi inayokaa ndani ya chupa, kwani wino wa kawaida huyeyuka kwenye alkoholi. Chupa hiyo ikifika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi ikiwa na maelezo hayo, mtaalamu wa miaka hamsini ijayo ataweza kuendeleza kazi pale ilipoachwa.