Ustadi wa Nukta Sita

Shule ya Msingi Mwisenge, mjini Musoma, hutajwa sana kwa sababu ya Julius Nyerere, aliyetoka Butiama kuja kuanza masomo hapo mwaka 1934. Mimi ninayevutiwa naye zaidi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu cha shule hiyo, anayemfundisha mtoto asiyeona kusoma na kuandika nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole.

Kazi hiyo haianzi na herufi, huanza na vidole. Mtoto huchambua maharage na mahindi yaliyochanganywa, hufunga na kufungua vifungo, hufuata uzi uliobandikwa kwenye karatasi, mpaka ncha ya kidole cha shahada itofautishe kitu na kitu bila kukibonyeza. Kidole kizito hulaza nundu. Mwalimu hukumbusha wepesi kila siku, bila kuchoka.

Ndipo huja nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alibuni mpangilio huo mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Herufi kumi za mwanzo, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata, k hadi t, ni zilezile zikiongezewa nukta ya tatu, ile ya chini kushoto. Mwalimu mjuzi hakimbilii k kabla kumi za kwanza hazijakaa, maana anajua zikikaa, nyingine zitafuata zenyewe.

Ugumu hasa uko kwenye kibao cha kuandikia. Karatasi ngumu hudungwa kwa kalamu ya chuma kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nundu hutokeza upande wa pili. Ikigeuzwa, husomwa kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo kila herufi huandikwa kinyume. Asiyeigeuza d hupata f, na e huwa i. Mtoto akisahau kugeuza j peke yake, "jana" husomeka "hana". Hapa ndipo ninapomvulia kofia mwalimu: haoni kosa tu, anaona mkono ulipitia wapi, kisha humrudisha mtoto kwenye nukta ileile iliyompoteza.

Ujuzi huu hauletwi na huruma. Husomewa, kama wanavyousomea walimu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kisha hukomazwa darasani miaka na miaka.

Wapo wanaosema siku hizi simu humsomea asiyeona kila kitu, nukta nundu za nini? Sikio hupokea hadithi, lakini halioni neno linavyoandikwa wala aya inapokatika. Mtoto aliyefundishwa vizuri huandika jina lake bila kukosea, hurudia mstari anaoutaka, na barua yake huisoma mwenyewe bila kumpa mtu mwingine siri zake. Uhuru huo ndio mwalimu anaoujenga, herufi baada ya herufi, naye anastahili heshima tunayompa fundi yeyote mkubwa.